Pima Haja, Usihesabu Wageni: Mwongozo wa Kuitathmini Tovuti ya Umma, kwa Mfano wa Lushoto na Usambara

Ukishuka hadi chini kabisa ya ukurasa katika tovuti nyingi za halmashauri za Tanzania utakuta kihesabio cha wasomaji. Tarakimu zake huingia kwa urahisi katika taarifa ya robo mwaka, na zikipanda hupokelewa kama ushahidi kwamba tovuti inafanya kazi. Mwongozo huu ni kwa afisa habari, afisa TEHAMA, diwani na mwananchi yeyote anayetaka kujua kama kweli inafanya kazi. Hoja yake ni moja, na kila hatua inayofuata inaitegemea: tovuti ya umma ipimwe kwa haja zilizotimizwa, yaani ni watu wangapi kati ya waliokuja na swali waliondoka na jibu sahihi, kwa muda gani na kwa gharama gani. Kuhesabu waliopita mlango wa zahanati hakumwambii mganga wangapi wamepona.

Lushoto inafaa kuwa mfano kwa sababu katika milima ya Usambara hasara ya taarifa mbovu huonekana waziwazi. Mkazi wa Mtae, kule ukingoni juu ya tambarare za Mkomazi, akihitaji kujua viambatisho vya maombi ya leseni, ana njia mbili: apate jibu kwenye simu yake, au apande basi kwenda Lushoto mjini, safari ambayo kwa kwenda na kurudi humla siku nzima. Akifika dirishani akaambiwa amesahau karatasi moja, siku ya pili nayo imepotea. Mgeni anayetaka kutembea katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba huuliza kiingilio na kibali kabla hajaondoka Dar es Salaam au Nairobi. Mzazi aliye Mwanza ambaye mwanawe amepata nafasi katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto hana dirisha la kwenda kuuliza. Kwake yeye tovuti ndiyo ofisi. Wote watatu wataongeza tarakimu katika kihesabio, wawe wamepata walichotafuta au wamekikosa.

Si kwamba nchi imelala katika jambo hili. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka. Mwaka 2017 tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 zilizinduliwa kwa pamoja chini ya mradi wa kuimarisha mifumo ya sekta ya umma (PS3) uliofadhiliwa na Marekani, zikiwa na umbo linalofanana ili mwananchi asipotee akitoka tovuti ya wilaya moja kwenda nyingine. Katika kipimo cha Benki ya Dunia cha ukomavu wa serikali za kidijitali cha mwaka 2022, Tanzania ilipanda kutoka nafasi ya 90 hadi ya 26 duniani. Hayo ni mafanikio yanayostahili heshima. Lakini ona kilichopimwa: kipimo kile huuliza kama mifumo, sheria na taasisi zipo, na majibu yake kwa sehemu kubwa hutolewa na maafisa wa serikali zenyewe. Hakimuulizi mkulima wa Lukozi kama alipata jibu. Nchi inaweza kuwa ya 26 duniani huku ukurasa wa halmashauri fulani ukiwa na ada ya miaka mitano iliyopita. Pengo hilo kati ya mfumo uliopo na haja iliyotimizwa ndilo unalotakiwa kulipima.

Anza kwa kuandika haja kumi

Kabla ya kufungua programu yoyote ya takwimu, chukua karatasi uandike haja kumi zinazowaleta watu. Usizibuni ukiwa mezani. Muombe mhudumu wa mapokezi na maafisa wa madirisha waandike kwa wiki mbili kila swali wanaloulizwa ana kwa ana au kwa simu. Kila swali linalorudiwa dirishani ni swali ambalo tovuti imeshindwa kulijibu, au imelijibu mahali pasipoonekana. Kisha nenda kwenye steshenari za mjini, ambako vijana hujaza maombi ya ajira, vyeti na leseni kwa niaba ya wateja wanaolipa. Huko ndiko mtandao wa serikali unakotumika kweli, na hakuna mtaalamu anayejua ugumu wake kuliko yule anayeingia humo mara nyingi kwa siku. Muulize ni huduma zipi watu hushindwa kujifanyia wenyewe, na anatoza kiasi gani kwa kila moja. Bei hiyo ni kipimo kamili: ni kodi ambayo mwananchi hulipa kwa sababu ukurasa haukueleweka.

Kwa Lushoto, orodha hiyo haitakosa leseni ya biashara, ushuru wa mazao ya mboga na matunda yanayoshushwa kwenda masoko ya Dar es Salaam, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, fomu za kujiunga na shule, vibali vya ujenzi, hali ya barabara wakati wa masika, na taarifa za watalii. Itakuwemo pia haja moja ambayo wageni wa eneo hili hawaijui: kujua uko chini ya halmashauri ipi. Wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, Lushoto na Bumbuli. Mfanyabiashara wa Soni, mji ambao kila anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto huupita, yuko Bumbuli. Mombo yenyewe iko Korogwe, na Amani, yenye hifadhi ya mazingira asilia iliyotangazwa mwaka 1997, iko Muheza. Tovuti isiyomwambia mtu mapema kama amefika mlango sahihi inaweza kumhudumia kwa ufasaha kabisa katika ofisi isiyomhusu.

Geuza haja kuwa swali lenye jibu

Haja pana haipimiki. Igeuze kuwa swali ambalo jibu lake unalijua na unaweza kulithibitisha kwa afisa mhusika. Badala ya kuandika "taarifa za leseni", andika: "Nina duka la rejareja Mlalo, nahitaji viambatisho gani, nalipa kiasi gani, na naomba kupitia wapi?" Badala ya "utalii", andika: "Mtanzania mtu mzima na mgeni kutoka nje wanalipa kiasi gani kuingia Magamba, na nani anatoa mwongozaji?" Hilo la mwisho litakufundisha jambo: hifadhi ile iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo wajibu wa tovuti ya halmashauri hapo ni kumwelekeza mgeni kwa usahihi, na kiungo chake kifanye kazi. Hata kumwelekeza mtu panapostahili ni haja iliyotimizwa, na ipimwe.

Afisa mhusika athibitishe majibu kabla ya jaribio, kwa sababu sheria na ada hubadilika. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mikopo ya asilimia 10 ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Ukurasa ulioandikwa kabla ya mabadiliko hayo ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa. Ukiachwa ulivyo, unampotosha kila anayeuamini. Ndiyo maana katika karatasi yako ya matokeo kila jaribio lina nafasi nne: alipata jibu sahihi mwenyewe, alilipata baada ya kusaidiwa, hakulipata, alipata jibu lisilo sahihi. Hiyo ya nne ihesabu kuwa mbaya kuliko zote. Aliyekosa jibu atapiga simu au atauliza jirani. Aliyepata jibu la uongo kutoka chanzo cha serikali hatauliza tena. Atalipa asichodaiwa, au atashuka mjini na fomu iliyokwisha kufutwa.

Wape watu simu, kisha nyamaza

Sasa tafuta watu watano wasiofanya kazi serikalini: mkulima wa mboga, mwanafunzi, mwenye duka, mwalimu wa shule binafsi, kijana wa bodaboda. Mmoja awe mtu mwenye ulemavu wa kuona anayetumia simu inayosoma maandishi kwa sauti, kwa kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhesabu naye kuwa mwenye haki ya taarifa. Kila mmoja atumie simu yake na mtandao wa mahali anapoishi. Usiwakusanye katika chumba cha ofisi chenye mtandao wa kasi. Utampima nani, ikiwa kijijini kwake kuna bonde ambako mawimbi hufika kwa kusuasua? Msomee swali moja moja, mwombe aseme kwa sauti anachofikiri, kisha nyamaza. Usimwonyeshe pa kubofya. Andika alikoanzia, alikokwama, dakika alizotumia, na bando lililoliwa, ambalo simu nyingi hulionyesha kwenye mipangilio.

Watu watano wakijibu maswali kumi utapata majaribio 50. Huenda mkuu wa idara akauliza: watu watano watawakilishaje wilaya nzima? Hawawakilishi, na usidai hivyo. Kazi yao ni kufichua makosa. Watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba majaribio ya watu wachache hufichua sehemu kubwa ya kasoro za mfumo, kwa sababu watu tofauti hukwama mahali pale pale. Ikiwa wanne kati ya watano wameshindwa kufungua fomu kwa kuwa ni picha iliyopigwa skani yenye megabaiti nyingi, huhitaji utafiti wa kitaifa kujua kwamba fomu hiyo ibadilishwe iwe maandishi ya kawaida. Picha ya namna hiyo hula bando, haisomwi na simu ya asiyeona, na maneno yake mara nyingi hayapatikani kwa kutafuta. Unapotaka kulinganisha robo hii na ijayo kwa asilimia, hapo ongeza watu wafike ishirini au zaidi, na maswali yabaki yale yale.

Soma takwimu za mtandao kwa tahadhari

Baada ya jaribio, takwimu za tovuti zitakuwa na maana, kwa sababu tayari una maswali ya kuziuliza. Zisome ukijua udhaifu wake. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache za mtandao, hivyo kihesabio kinachotegemea anwani kinaweza kuona watu wengi kama mmoja. Kompyuta moja ya steshenari inayohudumia wateja thelathini kwa siku nayo huonekana kama mgeni mmoja. Upande wa pili, roboti za injini za utafutaji hutembelea kurasa mchana na usiku, na kihesabio kisichozichuja huzihesabu kama wasomaji. Anayetumia kivinjari kama Opera Mini, ambacho hubana data kupitia seva zake, huweza kuonekana yuko Ulaya ilhali ameketi Malindi, Lushoto. Kwa hiyo ramani yenye nukta za wageni wa dunia nzima isikutie kiburi wala kukukatisha tamaa.

Muda ambao mtu amekaa kwenye ukurasa nao hauna maana moja. Dakika nne zinaweza kuwa za msomaji makini au za mtu aliyepotea; sekunde kumi zinaweza kuwa za aliyekata tamaa au za aliyeiona namba ya simu mara moja akaondoka ameridhika. Utajua ni ipi kwa kulinganisha na jaribio. Takwimu zenye faida zaidi kwako ni tatu: maneno ambayo watu waliyaandika kwenye sanduku la kutafuta, viungo vilivyokufa, na mahali wanapoachia fomu bila kuimaliza. Ukiona watu wengi wanatafuta "fomu ya kidato cha kwanza" kati ya Desemba na Januari na ukurasa huo haupo, hujaletewa lawama. Umeletewa orodha ya kazi. Na unapokusanya takwimu hizo, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: usihifadhi jina wala namba ya mtu pale ambapo idadi pekee inatosha.

Serikali ya Uingereza, ilipojenga upya huduma zake za mtandaoni kuanzia mwaka 2012, ilizitaka huduma zake zipimwe kwa mambo manne: gharama ya kila muamala, kuridhika kwa mtumiaji, sehemu ya waliomaliza walichoanza, na sehemu ya wanaotumia njia ya kidijitali badala ya nyingine. Angalia kwamba idadi ya wageni haimo katika manne hayo. Matatu ya kwanza yachukue kama yalivyo. La nne litumie kwa uangalifu hapa kwetu, maana watu wakinyimwa dirisha, asilimia ya wanaotumia mtandao itapanda huku wengi wao wakilipa steshenari. Ongeza kipimo cha tano ambacho mazingira yetu yanakidai: gharama kwa mwananchi, yaani nauli, bando, ada ya msaidizi na saa alizopoteza.

Pima pia uhai wa mazungumzo

Tovuti inaahidi zaidi ya maandishi. Inaweka namba ya simu, barua pepe, sanduku la malalamiko, na pengine ukurasa wa Facebook au Instagram. Kila kimoja ni ahadi. Mara moja kila mwezi, mtu asiyejulikana ofisini atume swali la kweli kupitia kila njia, na uandike siku na saa mpaka jibu lilipofika. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa siku 30 kwa ofisi kumjibu aliyeomba taarifa. Huo ni ukomo wa mwisho, wala usiufanye lengo. Lengo lako litoke katika Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa taasisi yako, ambao mara nyingi umeshaandika muda wa kujibu barua na kutoa leseni. Weka ahadi ya mkataba upande mmoja na muda halisi upande wa pili. Hakuna jedwali rahisi zaidi, na hakuna linalosema ukweli zaidi.

Kwa milima hii, ongeza jaribio la dharura. Mvua za masika huweza kuleta maporomoko ya udongo kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto, ambayo lori la kabichi na basi la abiria huitegemea kwa pamoja. Tangazo la barabara kufungwa likitoka kesho yake, halijamsaidia mwenye mzigo unaooza. Pima saa kati ya tukio na tangazo, na kati ya barabara kufunguliwa na tangazo la zamani kuondolewa. Pima pia kama tovuti yenyewe iko hewani wakati wote: Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya lilishambuliwa mtandaoni, na watu waliozoea kupata huduma nyingi mahali pamoja wakazikosa kwa pamoja. Uliza basi: tovuti ikizimika leo, mwananchi ana njia gani nyingine iliyotangazwa?

Mapingamizi utakayokutana nayo

Utaambiwa kwanza kwamba wanakijiji hawatumii tovuti, wanatumia WhatsApp na kitochi. Ni kweli kwa wengi, na ndiyo sababu ya kupima kwa haja na si kwa wageni. Haja ya mkulima ikitimizwa kupitia menyu ya simu ya Serikali ya *152*00#, au kupitia ujumbe ambao mtendaji wa kijiji ameunakili kutoka kwenye tovuti, imetimizwa. Lakini ujumbe unaosambaa kwenye makundi lazima uwe na chanzo kinachoweza kuthibitishwa. Bila hicho, ada ya kweli na ya uzushi huonekana sawa. Tovuti sahihi ni muhimu hata kwa asiyeifungua kamwe, kwa sababu anayemwambia ameisoma.

Pili utaambiwa kwamba mifumo ni ya taifa: leseni ziko kwenye mfumo wa TAUSI, malipo yana namba ya kumbukumbu ya Serikali, na halmashauri haina uwezo wa kuibadilisha. Hilo nalo lina ukweli. Hata hivyo maelezo, tarehe, namba za simu na matangazo ni mali ya halmashauri, na makosa mengi utakayoyaona yatakuwa humo. Kwa yaliyobaki, karatasi inayosema watu wanne kati ya watano walikwama hatua ya tatu ya fomu ina nguvu kuliko malalamiko matupu. Ipeleke TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, nawe mwananchi uitume kupitia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea maoni.

Pingamizi la tatu huwa halisemwi kwa sauti: matokeo mabaya yatatumika kumwadhibu afisa. Hofu hii ina msingi, na kiongozi asiyeiondoa atapata takwimu zilizopambwa. Mkurugenzi atangaze tangu mwanzo kwamba duru ya kwanza ni ya kujua hali, na kwamba afisa atasifiwa kwa kasoro alizozirekebisha kati ya duru moja na nyingine. Diwani naye, badala ya kuuliza wageni wangapi, aulize: robo hii tulijaribu haja zipi, zilitimizwa kwa kiwango gani, na tumerekebisha nini? Fedha hazitakuwa kikwazo, kwani jaribio zima ni nauli ya kuwafikia watu watano, bando lao na siku chache za kazi.

Baada ya hapo, chapisha matokeo kwenye tovuti ile ile, yakiwa na tarehe na kasoro zake. Kila ukurasa wenye ada au utaratibu uwe na tarehe ya kuhakikiwa na cheo cha afisa anayewajibika nao. Rudia kila robo mwaka kwa maswali yale yale, ukibadilisha machache kufuata msimu. Afisa habari, anza wiki hii na haja moja tu, ile inayoulizwa sana dirishani kwako, na watu watano. Mwananchi, usisubiri uitwe: andika ulichotafuta, ulipokwama na ilichokugharimu, ukipeleke ofisini kwa maandishi. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na ofisi isiyopima kama umeipata haiwezi kusema imekuhudumia.